Bi Bastola Amtafuta Shemeji Yake

Kuangalia picha ya kauboi ukiwa na Mama Mkubwa wangu ni adhabu. Hajali nani kaiba ng'ombe wa nani, wala binti wa mwenye hoteli anampenda yupi. Macho yake yote yako viunoni mwa watu. Stelingi anaingia baa, milango inapigapiga nyuma yake, sebule nzima imekaza roho, na Mama Mkubwa anasema kwa sauti ya mtu anayechagua nyanya: "Bubu hiyo. Haina hata tundu." Basi utamu wote umekwisha.

Bubu ni neno la stoo. Kwa miaka mingi Mama Mkubwa alikuwa mtunza silaha kwenye kiwanja cha kupigia filamu, nje ya mji, kule kwenye uwanda mkavu ambako kampuni za kigeni zilikuja kwa sababu jua halikosi. Silaha zilikuwa za namna tatu. Wasemaji ni zile zinazolipuka kweli, kwa baruti bila risasi. Chache zilikuwa za kale halisi na nyingine zilitengenezwa kuiga za kale. Mabubu ni za chuma vilevile, nzuri kutazama, lakini zimezibwa ndani na hazitoi hata kikohozi. Na mipira ilikuwa mipira kweli, iliyomwagwa kwenye kalibu ikapakwa rangi ya chuma, kwa ajili ya watu wa kuanguka. Mtu akidondoka kutoka paani ana chuma kiunoni, mbavu zake ndizo zitakazolipa.

Yeye ndiye aliyeimwaga mipira hiyo, kila mmoja. Walimwita Bi Bastola, na hakuwahi kuupenda utani huo, lakini akiitwa hivyo aliitika.

Alianza kazi kama mshonaji. Alishona mifuko ya ngozi ya kuvalia bastola, na katika kushona akazijua bastola zenyewe, maana mfuko usiojua umbo la mwenyewe haukai. Ukimpa mfuko mtupu leo, anaingiza mkono ndani, anatulia, kisha anakuambia umebeba nini. Chuma huacha mchirizi pale kinundu cha kulengea kwenye ncha ya mtutu kinapokwaruza ngozi kila kinapochomolewa. Mpira haukwaruzi, huacha rangi tu. Nilipokuwa mdogo nilimwona akifanya hivyo mezani kwetu, nikaamini kabisa kwamba shangazi wa wenzangu wote ni watu wa kawaida na mimi nina mama mkubwa mchawi. Hadi leo sijabadili mawazo sana.

Alikuwa mkali hasa. Kwake kulikuwa na sheria moja iliyopita zote: mtu wa kuanguka hapewi chuma. Mwongozaji mmoja aliwahi kumjia juu, anataka bastola inayong'aa mkononi mwa anayeanguka, kwa sababu mpira haung'ai. Mama Mkubwa alifunga mlango wa stoo, akaweka ufunguo kifuani, akamwambia aende akaanguke yeye.

Baba yangu alikuwa mmoja wa hao wa kuanguka. Alikuja kiwanjani akileta majani ya farasi kwa mkokoteni, siku moja akateleza juu ya mzigo, akajiviringa hewani, akasimama kwa miguu yake. Waliokuwepo wakapiga makofi, na kesho yake akaajiriwa. Mama Mkubwa ndiye aliyemleta nyumbani kula, na mdogo wake, yaani mama yangu, akampakulia mara mbili. Yaliyofuata hayahitaji maelezo, mimi hapa ndiyo maelezo.

Sikumjua. Mtu aliyedondoka kwenye mapaa, farasi na magari ya kukokotwa bila kuvunja hata kidole, alikuja kuuawa na homa kitandani, hajafika miaka thelathini, na mimi bado sijaota jino. Alibaki kwenye picha moja ya studio, amesimama wima mno, uso umekauka kwa kuogopa kamera. Nimeitazama picha hiyo mpaka nikaichoka. Nilichokuwa nakitaka ni kumwona akitikisika. Mtu aliyekufa wewe ukiwa mchanga unamjua kama sanamu, na sanamu halikufundishi kama mzazi wako alikuwa anatembea kwa haraka au kwa madaha.

Ndiyo maana kile kipande cha ngazi kilikuwa mali kwetu.

Ni kwenye filamu moja ambamo baba alimwangukia stelingi, kama walivyosema wao, maana yake alivaa nguo za stelingi akaanguka badala yake. Stelingi anapigwa risasi juu ya ngazi ya nje ya hoteli, anavunja mbao za pembeni, anabingirika hadi kwenye vumbi. Tulikuwa na mkanda wake nyumbani, umechakaa, watu wote wanaonekana kama wako ndani ya mvuke. Lakini mama hakujali. Alikuwa akisimamisha pale anapoanza kuanguka na kuweka kidole kwenye kioo cha televisheni.

"Baba yako huyo," alikuwa akisema. "Mwone alivyo mwepesi."

Wageni walionyeshwa, na majirani, na hata fundi wa umeme aliyekuja kutengeneza swichi alionyeshwa.

Kiwanja kilipofungwa, silaha zote zikapelekwa mjini, kwenye jumba la kuhifadhi filamu. Zilikaa kwenye makasha mpaka alipokuja msimamizi mpya, mwanamke mwenye miwani ya kamba, tukawa tunamwita Mtunzaji. Alitaka kufungua chumba cha maonyesho: silaha kwenye vioo, kila moja na kadi yake ya kueleza ni ya kale au ya kuigiza, na ilitumika filamu gani. Pembeni kungekuwa na skrini ikionyesha kile kipande cha ngazi, na chini yake jina la baba yangu. Mama aliposikia, alikaa kwanza. Kisha akaenda kununua viatu vya siku ya ufunguzi.

Mama Mkubwa akaitwa kuzitambua. Mimi naendesha gari la mikate, nikimaliza kusambaza asubuhi niko huru, kwa hiyo nikawa dereva wake na mbeba mkoba wake. Siku ya kwanza gari zima lilinukia unga, akalalamika hadi tulipofika.

Meza ilikuwa imetandikwa kitambaa cheupe. Mtunzaji akatupa glavu. Mama Mkubwa akavaa, akashika bastola ya kwanza, akaipindua, akavua glavu ya mkono wa kulia akaiweka kando.

"Samahani, mwanangu. Mkono uliofunikwa hausikii kitu."

Mtunzaji akasita, halafu akavua ya kwake pia, wakaanza. Sijawahi kuona kitu kama kile. Bubu, bubu, msemaji, bubu. Alikuwa akipitisha kidole gumba chini ya kitako, anasikiliza mlio wa silinda ikizunguka, ananusa. Wakafika kwenye bastola moja ndefu, nyeusi, isiyo na mapambo yoyote. Mama Mkubwa akaisogeza kwenye mwanga. Akatuonyesha namba zilezile zimegongwa sehemu tatu, na skrubu zilizolika kwa bisibisi za watu waliokwisha kuzikwa zamani.

"Hii ni yenyewe," akasema kwa sauti ndogo. "Ya miaka ile ile ya makauboi. Mwenyewe aliivaa kwa shari, siyo kwa picha."

 Nilikuwa nimezoea kwamba mambo yote ya kauboi ni uongo wa mbao, nyumba za mbele tu zisizo na nyuma, na kumbe katikati ya uongo huo kulikuwa na kitu ambacho mtu aliwahi kukishika akiogopa kufa. Niliomba kukigusa. Kilikuwa kizito kuliko nilivyotarajia, na baridi.

Mtunzaji naye hakuwa mtu wa kubabaishwa. Mama Mkubwa alipoiita bunduki moja kuwa ya aina ya zamani kabisa, ya mtutu mtupu usio na mti wa mbele wa kushikia, Mtunzaji akaigeuza ubavu.

"Mama, na hiki kidirisha cha kuingizia risasi? Za zamani zile hazikuwa nacho. Hii ni ya baadaye, wameivua mti wa mbele ili ionekane ya zamani."

Mama Mkubwa akainama, akaangalia, akacheka hadi akashika meza. "Umenishika! Na mimi ndiye niliyeuvua huo mti, nimesahau mwenyewe." Toka hapo wakawa chanda na pete. Walikaa wakiwacheka makauboi wa filamu fulani, wamefunga mikanda iliyojaa risasi, ilhali bastola za hadithi yenyewe ni za enzi za kushindilia baruti kwa mbele na hazijui risasi ya ganda ni nini.

Siku zilienda hivyo, kwa raha, mpaka Mtunzaji akatuwekea kipande cha ngazi. Alikuwa amekisafisha. Hapakuwa na mvuke tena. Unaona misumari ya mbao, unaona vumbi punje kwa punje. Nilisogeza kiti. Stelingi akapigwa, mbao zikavunjika, mtu akaanguka, bastola ikamtoka mkononi, ikagonga kidato cha ngazi, ikalala.

"Simamisha," Mama Mkubwa akasema. "Rudisha."

Akarudisha. Ikagonga, ikalala.

"Rudisha."

Nilimwangalia. Alikuwa amekunja mikono tumboni.

"Mpira ungedunda," akasema. "Hicho ni chuma. Na chuma kutoka stoo yangu hakijawahi kwenda mkononi mwa shemeji yangu akianguka. Huyo siye."

Nikamwambia labda siku hiyo yeye hakuwepo stoo, labda mtu aliiba ufunguo, labda mpira ule ulikuwa mgumu. Nilitafuta labda zote zilizopo duniani. Mtunzaji alikuwa amesogelea skrini. Kisha akatuonyesha kwa kalamu kwamba sekunde moja kabla, stelingi anapokuwa amesimama, kivuli kinalala kushoto, na anapoanza kuanguka kinalala kulia. Hata vidato vya ngazi si vilevile. Wageni wenye filamu walikwenda kukipiga upya kipande hicho kwao, baada ya kumaliza huku, wakamwangusha mtu wao.

Kwenye gari nilikasirika hasa. Nilimwambia Mama Mkubwa kwamba anaharibu. Nani atajua? Nani atakayesimama mbele ya skrini na kuuliza bastola imedunda au haikudunda? Bibi kizee mmoja tu duniani anaona hivyo, na huyo bibi kizee angeweza kunyamaza.

Tulipofika mbele ya nyumba, akafungua mlango wa gari.

"Nikimkubali huyo kuwa ndiye," akasema, "shemeji yangu mwenyewe nimpeleke wapi?"

Akashuka, akaingia ndani, akamwambia mama. Nilibaki na mkono kwenye usukani kwa sababu sikutaka kuona. Lakini madirisha ya nyumba yetu hayazuii sauti.

"Miaka yote hii," mama alikuwa anasema, "miaka yote hii, Dada, nimekaa namtazama mwanamume wa watu?"

Ungeweza kucheka, kama siyo ile sauti. Mama Mkubwa akasema kitu ambacho sikukisikia. Mama akasema, "Kwa hiyo sina hata kile." Nilipoingia, viatu vipya vilikuwa vinarudishwa kwenye boksi lake. Kwa muda mrefu baada ya hapo mama hakumsemesha dada yake. Alimsalimia kwa heshima, shikamoo kamili, na hiyo ndiyo iliyouma.

Basi Mama Mkubwa akaamua kumtafuta. Kila asubuhi akawa ananisubiri barabarani, mkoba begani, tunakwenda jumbani. Mtunzaji alitufungulia makopo ya filamu zote zilizopigwa uwandani, nzuri na mbovu, na vipande vilivyokatwa visitumike. Mama Mkubwa alikuwa na kitu kimoja tu cha kutafuta. Mkono wa baba ulikuwa mdogo, kitako cha bastola ya stelingi kilimponyoka, kwa hiyo Mama Mkubwa alikuwa amemtengenezea mpira wake peke yake, akauzungushia uzi mweusi wa kushonea viatu, mshazari. Hapakuwa na mwingine wa namna hiyo stoo nzima.

Na tukamwona! Kumbe yuko kila mahali. Uzi mweusi unapita mbele ya macho, mtu anaruka kutoka kwenye farasi, mtu anatupwa dirishani, mtu anaburutwa. Nilikuwa najikuta nimesimama. Mwili ule, miguu ile inavyojikunja kabla ya kugusa chini! Nilishangaa mtu mmoja anawezaje kufa mara nyingi hivyo na kila mara akafa kwa uzuri. Lakini uso, hapana. Kofia, vumbi, mgongo, kiwiko. Nilianza kumlaumu kimoyomoyo, kisha Mtunzaji akanielewesha kwa upole kwamba hiyo ndiyo ilikuwa kazi yenyewe. Alilipwa kuficha uso. Uso wake ungeonekana, kipande kingetupwa. Alikuwa hodari, na uhodari wake ulikuwa kutokuonekana.

Tukabakiza makopo machache. Mama Mkubwa alikuwa amechoka, macho mekundu, anajipaka dawa ya macho akiwa anaangalia. Mtunzaji akaweka kipande kilichokataliwa kutoka filamu ambayo hata yeye hakuwahi kusikia mtu akiisifu. Kisima. Hori la maji. Farasi watatu wanakunywa, na vijana wamesimama kuwa watu wa mji tu, hawana la kufanya. Mmoja yuko karibu sana na kamera, ametupa mgongo, anamkuna farasi shingoni. Kiunoni mwake kuna kitako kilichozungushiwa uzi mweusi.

"Mungu wangu," Mama Mkubwa akasema. "Mpira huo!"

Akatueleza haraka haraka, maneno yanagongana. Siku hiyo watu walipungua, wakawavalisha wa kuanguka wasimame tu. Kila mmoja alitakiwa kurudisha mpira na kuchukua bubu, kwa sababu karibu na kamera mpira unajulikana. Shemeji akasahau. Mama Mkubwa akauona mpira kamera ikiwa inazunguka tayari, akashindwa kujizuia, akapayuka. Kipande kikaharibika, mwongozaji akatukana, na Mama Mkubwa akamtukana shemeji jioni nzima.

Kwenye skrini yule kijana akashtuka. Akageuka. Akatazama moja kwa moja tulipo.

Nilikuwa nimejiandaa kulia, sikulia. Nilibaki mdomo wazi. Akashika kiuno, akagundua, akauchungulia ule mpira kama mtu aliyekuta kijiko cha nyumbani mfukoni, kisha uso mzima ukafunguka kwa kicheko, cha mtu aliyekosa, anayeomba asamehewe, na akasema neno kwa midomo tu maana sauti haikuwekwa. Akatoka mbio kumfuata aliyemwita. Anakimbia vibaya, magoti nje. Mimi nakimbia hivyo hivyo. Nimechekwa kwa mbio hizo tangu shule.

"Ananijibu mimi," Mama Mkubwa akasema. "Anasema, 'Yamekwisha, shemeji.'"

Mama alikuja kesho yake. Nilimchukua na gari la mikate, amevaa kandambili, hakutaka kuambiwa lolote njiani. Akakaa mbele, Mama Mkubwa akakaa nyuma yake, hakuthubutu kukaa pembeni. Mtunzaji akazima taa.

Farasi wakanywa. Kijana akageuka. Akacheka. Akakimbia.

 Mtunzaji akakirudisha kipande bila kuombwa, kijana akageuka tena, akacheka tena. Nilikuwa nasubiri mama aseme "baba yako huyo," kidole kiende kwenye skrini. Badala yake akainamisha kichwa upande, anavyofanya akimwangalia mjukuu amelala.

"Mbona mtoto," akasema. "Dada. Mbona ni mtoto hivi?"

Nami ndipo nilipoona. Mimi ni mkubwa kwake kwa miaka mingi. Angeingia dukani ninakoshusha mikate ningemwita mwanangu, ningemuuliza kama amekula. Mama, na mvi zake zote, alikuwa amemlilia mume wa rika lake, ambaye alizeeka naye kichwani mwaka kwa mwaka, na hapa amerudishiwa kijana asiyejua hata kuvaa bastola.

"Tulikuwa tunamtupa kutoka kwenye mapaa," mama akasema. "Mtoto wa watu."

Mama Mkubwa akanyoosha mkono kutoka nyuma, akamshika mdogo wake begani.

"Na wewe ulikuwa mtoto," akamwambia. "Ulimpakulia mara mbili."

Kwenye skrini kijana alikuwa amekwisha kutoka, wamebaki farasi na maji yanayotikisika. Mama akapangusa uso kwa upande wa khanga, akasogea, akapiga kiti cha pembeni yake kwa kiganja, na Mama Mkubwa akaja akakaa.